Koki imepimwa na maji ni salama: kwa nini kuhara hakuishi uani kwetu?

#1 Mchota_Alfajiri
Wadau, salaam. Ninaishi katika makazi yasiyopangwa, kwenye ua wenye vyumba kumi na vinne, choo cha shimo kimoja, na koki moja nje ya lango ambayo hutoa maji kwa mgao. Kila mvua zinapoanza watoto wanaharisha, na kila anayekuja kutuelimisha anarudia jambo lilelile, kwamba maji si salama na tuchemshe.

Mwezi uliopita niliamua kujiridhisha mwenyewe. Nilipata chupa ndogo za kipimo, zile ambazo maji yaliyochafuliwa na kinyesi hugeuka meusi yakiachwa humo kwa siku moja au mbili mahali penye joto. Nilikinga maji ya koki, nikachota kwenye madumu ya majirani walioniruhusu, kisha kwenye ndoo zilizo wazi ambazo kila mwenye kiu hutumbukiza kopo. Chupa za koki zilibaki angavu. Za madumu, zaidi ya nusu ziligeuka. Za ndoo ziligeuka zote, na moja ilikuwa nyeusi tayari nilipoamka asubuhi ya kwanza.

Kwa hiyo ninadai hivi: ugonjwa hauletwi na bomba, bali tunautengeneza wenyewe kati ya koki na mdomo. Badala ya kupiga kelele kuhusu mabomba, tungetafuta vyombo vyenye mdomo mwembamba na kikoki chini, ambavyo mkono hauwezi kuingia. Anayepinga alete hoja.

#2 Fundi_Mkongwe
Ninapinga, na nitaanza kwa kuuliza: ulikinga maji saa ngapi? Kama ulisubiri foleni ipungue, basi ulikinga maji ambayo yalikuwa yameshausafisha mrija.

Bomba lenye maji saa zote husukuma kutoka ndani kwenda nje, hivyo likiwa na tundu huvuja tu. Bomba la mgao ni jambo jingine. Maji yakifungwa, shinikizo hushuka, na tundu lilelile lililokuwa likivujisha hugeuka kuwa mdomo unaonyonya. Sasa jiulize bomba hilo limelala wapi. Nimefukua mabomba kwa miaka mingi katika mitaa ya aina hiyo, na mara nyingi nimeukuta mrija wa plastiki umepita ndani ya mtaro wa maji machafu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine kati ya nyumba na nyumba, na kiungio kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Pima maji ya dakika ya kwanza baada ya mgao kufunguliwa, kisha uje tuzungumze.

#3 Kata_na_Kopo
Mkuu Fundi, kwako kila ugonjwa hutibiwa kwa spana. Lakini mleta mada naye ana jambo la kujibu: amepima ndoo za majirani wote, akawatangazia weusi wao mtandaoni, na hajasema neno lolote kuhusu ndoo ya kwake.

#4 Mchota_Alfajiri
Ya kwangu iligeuka pia, na mke wangu hajanisamehe kwa kuipima. Kuhusu saa, Fundi amenipata. Nilikinga baada ya saa nzima hivi tangu maji yafunguliwe. Nitarudia.

#5 Takwimu_Tu
Kabla ya kurudia, kuna marekebisho mawili. Kwanza, chupa za aina hiyo hazipimi kinyesi moja kwa moja, bali huonyesha bakteria wanaotoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambao wengi hukaa matumboni, lakini si wote. Pili, na hili ni zito zaidi, maji ya bomba yenye klorini yanaweza kuendelea kuua bakteria ndani ya chupa baada ya kukingwa. Maabara hutia sodiamu thayosalfati kwanza ili kuizima klorini. Kama hukufanya hivyo, chupa angavu ya koki inaweza kuwa inakwambia habari za klorini kuliko habari za bomba.

Hata hivyo, jambo la msingi ulilosema si geni: tafiti nyingi zilizolinganisha maji ya chanzo na maji ya ndani ya nyumba zimeona kwamba usafi hushuka njiani na nyumbani. Swali ni kama kushuka huko ndiko kunakowaumiza watoto.

#6 Nesi_wa_Zamu
Ninashukuru kwa mada. Ninaomba tuache kusema "kuhara" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kwa sababu hapo ndipo mabishano haya yanapopotelea.

Kipindupindu kwa kawaida huhitaji idadi kubwa sana ya vijidudu ili kumwangusha mtu mwenye afya, kwa sababu asidi ya tumbo huviua vingi, na ndiyo maana maji na chakula kilichochafuliwa ni njia yake kuu. Shigella, anayeleta kuhara damu, anaweza kumwangusha mtu kwa vijidudu kumi hadi mia moja tu. Idadi hiyo haihitaji ndoo wala bomba. Inatosha kwenye ukucha, kwenye kitasa cha mlango wa choo, kwenye kanga uliyomfutia mtoto na kisha ukajifutia mkono. Virusi vya rota navyo hupita kwa mikono kwa urahisi uleule. Mkiwapa watu chombo chenye kikoki mtapunguza aina moja ya tatizo, huku Shigella akiendelea kusalimiana na familia nzima.

Kinachozuia njia ya mikono ni wingi wa maji, wala si usafi wake peke yake. Viwango vya misaada ya dharura vya Sphere vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Katika ua wa koki moja, mama mwenye watoto wanne na madumu mawili hupika, hunywesha, na kinachobaki ndicho cha kuoga na kufua. Huyo akiambiwa anawe kwa sabuni nyakati tano muhimu, anatazama dumu na kunyamaza. Nimewaona wakinyamaza hivyo wodini.

#7 Msomi_wa_Barazani
Mnazunguka bure. Jambo hili lilimalizwa London mwaka 1854, pale Dkt. John Snow alipogundua kijidudu cha kipindupindu, akang'oa mpini wa pampu ya Broad Street, na ugonjwa ukakoma siku hiyohiyo. Ziba chanzo, na ugonjwa utakwisha. Na asiyetosheka atazame Hamburg mwaka 1892: mji ule ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja, wakafa watu zaidi ya 8,000, ilhali Altona, mji uliopakana nao kiasi cha kutenganishwa na barabara tu, ulichuja maji yake kwa mchanga na ukapata wagonjwa wachache. Madumu na makopo yalikuwepo pande zote mbili za barabara, ndugu mleta mada.

#8 Mwalimu_Mstaafu
Ndugu Msomi, Hamburg umeieleza vizuri, na ungeweza kuongeza kwamba Altona ilichota upande wa chini wa mto, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia humo, na bado mchanga ukaiokoa. London umeiharibu.

Snow hakukigundua kijidudu. Mwaka huohuo wa 1854 Filippo Pacini alikiona kwa hadubini huko Florence, akapuuzwa, na Robert Koch akakitenga na kukieleza miaka ya 1883 na 1884 alipokuwa Misri na India. Mpini wa pampu uliondolewa kwa uamuzi wa wakuu wa parokia baada ya Snow kuwashawishi, na Snow mwenyewe alikiri kwamba huenda mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua kwa sababu watu walikuwa wamekimbia mtaa.

Lakini sehemu ya kisa hicho inayohusu uzi huu ni ile inayosahaulika. Mchungaji Henry Whitehead, ambaye mwanzoni hakumwamini Snow, ndiye aliyefuatilia nyumba kwa nyumba hadi akampata mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeugua kabla ya wengine. Mama yake alifua nepi na kumwaga maji katika shimo la uchafu la nyumba. Shimo lilipofukuliwa, kuta zake za matofali zilikuwa zimeoza, na lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu. Chanzo unachotaka kukiziba, ndugu Msomi, kilikuwa na chanzo chake, nacho kilikuwa choo.

#9 Msomi_wa_Barazani
Shikamoo Mwalimu. Nimerekebishwa, ila mpini bado ninaupenda.

#10 Shimo_Refu
Mwalimu amenifungulia mlango. Nimefanya kazi ya kutapisha vyoo, kwa hiyo nitasema ambalo wengine wanalizunguka kwa adabu.

Mleta mada aliandika mwenyewe "kila mvua zinapoanza", kisha akalipita neno hilo kama vile halikuandikwa na yeye. Makopo yanatumbukizwa kwenye ndoo kiangazi na masika. Kama kopo ndilo chanzo, watoto wangeharisha mwaka mzima kwa kiwango kimoja. Kinachobadilika mvua inapoanza ni shimo. Gari la kunyonya haliingii kwenye vichochoro vya upana wa bega, na shimo limejaa. Basi usiku wa mvua kubwa mwenye nyumba anaita vijana, wanatoboa ukuta wa shimo upande wa chini, na mvua inafanya kazi iliyobaki. Tulikuwa tukisikiliza bati: mvua ikipiga hadi hatusikilizani, ndiyo tunaanza. Asubuhi mtaro umejaa, maji yamepita mbele ya milango, watoto wanarusha vibao na kuviita mashua, na mwenye choo anafagia kibaraza chake kana kwamba hajui lolote.

Vilevile, viwango vya Sphere alivyovitaja dada Nesi vinataka shimo liwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na kitako chake kiwe mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Mita 30 katika mtaa ule ni nyumba sita. Hapana ua wenye nafasi ya kutii kanuni hiyo, na mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, shimo lenyewe hufurika bila kutobolewa na mtu.

#11 Mpangaji_wa_Kona
Shimo_Refu ameeleza choo kinavyotoka nje. Mimi nitaeleza kwa nini wengine hawafiki ndani yake.

Choo cha vyumba kumi na vinne kina foleni alfajiri, na usiku hakina taa wala komeo. Mwanamke hatoki saa nane za usiku kwenda kwenye giza hilo. Anatumia kopo au mfuko, na asubuhi unamwagwa palipo karibu. Watoto wadogo hawapelekwi kabisa, kwa sababu tundu ni pana na mama anaogopa watatumbukia. Wanakaa kwenye poti, na poti inasuuzwa mtaroni kwa maji kidogo, kwa sababu watu wengi wanaamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Ndugu zangu, Mwalimu amesimulia nepi za mwaka 1854 nami nikadhani anamsimulia jirani yangu.

Mleta mada, ulipopima ndoo uliona kopo. Je, uliona mkono ulioshika kopo ulikotoka?

#12 Mchota_Alfajiri
Sikuona. Ninakubali kwamba neno "mvua" lilinipita. Ila nina utetezi mdogo: mvua ikinyesha watu hujifungia ndani, ndoo zinasogezwa karibu na jiko na godoro, nzi wanaingia, na wengi huacha foleni ya koki wakakinga maji ya paa ambayo hayana klorini kabisa. Chombo bado kimo katika hesabu.

#13 Takwimu_Tu
Sasa mimi nitawaudhi nyote. Kama choo ndicho mzizi, basi kujenga vyoo bora kungeonekana haraka katika afya za watoto. Huko Maputo, Msumbiji, katika mitaa ya aina hiihii, vyoo vibovu vya pamoja vilibadilishwa kwa vyoo vya kumwaga maji vyenye matangi ya maji taka, na watafiti wakafuatilia vijidudu vilivyomo katika vinyesi vya watoto. Kwa ujumla hawakuona kupungua kwa maambukizi hata baada ya miaka miwili. Majaribio makubwa ya vijijini Bangladesh, Kenya na Zimbabwe, yaliyounganisha maji, vyoo na unawaji, nayo hayakuongeza urefu wa watoto kama ilivyotarajiwa, na kuhara kulipungua Bangladesh pekee.

Fundi naye asicheke. Katika miji pacha ya Hubli na Dharwad nchini India, sehemu moja ilipewa maji saa zote na nyingine ikabaki na mgao. Maji ya saa zote yalikuwa safi zaidi, na maji ya mwanzo wa mgao yalikuwa machafu zaidi, sawasawa na alivyosema. Lakini kwa watoto wa chini ya miaka mitano, tofauti ya jumla ya kuhara haikuwa ya kujivunia.

Dhana yangu ni kwamba katika msongamano kama huo njia ni nyingi kiasi kwamba ukiziba moja, vijidudu hupita nyingine bila kupoteza muda: udongo wa uani, kuku, nzi, chakula kilicholala, mikono, mtaro.

#14 Fundi_Mkongwe
Ninashukuru kwa nusu ya kwanza ya aya ya pili. Nusu iliyobaki nitajifanya sikuisoma.

#15 Nesi_wa_Zamu
Ndugu Takwimu, Maputo umeikata katikati. Watoto waliozaliwa baada ya vyoo vipya kujengwa, wakakulia hapohapo, walikuwa na Shigella pungufu kwa takriban nusu ya wenzao walipofikia umri uleule, na minyoo ya mjeledi pungufu zaidi. Mtoto aliyekuwa ameshaanza kutambaa kwenye udongo wa zamani hakunufaika. Aliyezaliwa baadaye alinufaika. Hiyo si sawa na kusema vyoo havikufanya kazi. Na katika Hubli na Dharwad, familia zilizopata maji saa zote ziliripoti homa ya matumbo kidogo zaidi. Ndiyo maana nilisema mwanzoni tusiite kila kitu kuhara.

#16 Takwimu_Tu
Nimekubali marekebisho. Niongeze tu kwamba ukichunguza vijidudu vingi na makundi mengi ya watoto, baadhi ya tofauti zitajitokeza kwa bahati. Ninaiweka katika kapu la "inaelekea", silipeleki kwenye kapu la "imethibitika".

#17 Mjenzi_wa_Kichochoro
Kwa wanaosema gari haliingii, si lazima liingie. Kule Orangi, Karachi, mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi ambamo wakazi wa kila kichochoro walijichangisha, wakachimba na kulaza mabomba yao ya maji taka kwa msaada wa kitaalamu, kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na makandarasi. Brazil nako kuna mitandao ya mabomba membamba yanayopita nyuani kwa kina kifupi badala ya kufuata barabara, na wakazi hukubaliana kuyatunza. Kichochoro cha upana wa bega hakizuii bomba.

#18 Shimo_Refu
Mjenzi, ninakuunga mkono hadi mwisho wa kichochoro. Baada ya hapo bomba linamwaga wapi? Huko Orangi mabomba ya vichochoro yalimwaga kwenye mikondo ya asili, na mabomba makuu yaliachiwa serikali. Asiye na mtambo wa kusafisha majitaka anauhamishia mtaa wa chini ule usiku wa mvua niliousimulia, tena bila kusubiri mvua.

#19 Mjenzi_wa_Kichochoro
Ni kweli. Ila mtoto wa kichochoro cha juu ameacha kuchezea kinyesi, na huo si ushindi wa kudharauliwa na mtu aliyekuwa akitoboa mashimo usiku.

#20 Shimo_Refu
Nimeistahili hiyo.

#21 Kata_na_Kopo
Swali la mjinga: kwa nini tusitie klorini kila dumu na kufunga uzi? Kila mtu hapa ameitaja kwa kupita tu.

#22 Nesi_wa_Zamu
Hilo si swali la mjinga. Klorini ndiyo dawa pekee hapa inayoendelea kulinda maji ndani ya chombo, kwa sharti kwamba dumu lisubiri angalau nusu saa na maji yabaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita wakati wa kunywa. Lakini maji ya tope huila klorini kabla haijamfikia kijidudu, na msimu wa tope ndio huohuo msimu wa mvua. Halafu yupo kriptosporidiamu, ambaye klorini ya kawaida haimtishi. Mwaka 1993 aliwaugua watu wapatao 400,000 huko Milwaukee, Marekani, kupitia maji ya bomba yaliyotiwa dawa. Kuchemsha humuua, kwa mwenye kuni.

Na wakati mnaendelea kubishana, mtoto anayeharisha hasubiri mshindi. Lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa msawazo, kama hakuna pakiti ya dawa. Kipindupindu kinaweza kumuua mtu kwa saa chache, ilhali wanaotibiwa mapema hufa chini ya mmoja kwa mia.

#23 Mwalimu_Mstaafu
Dada Nesi, ni kriptosporidiamu aliyewauguza watu, si aliyewaugua. Mengine yote nimeyaandika kwenye daftari.

#24 Nesi_wa_Zamu
Nimetoka zamu ya usiku, Mwalimu. Unisamehe.

#25 Mchota_Alfajiri
Nimerudi na matokeo. Safari hii nilipata chembe za kuzima klorini, nikaamka saa kumi usiku na kukinga tone la kwanza kabisa mgao ulipofunguliwa. Koki ilikohoa hewa, ikatoa maji ya rangi ya chai, kisha yakang'aa. Chupa ya maji ya chai iligeuka nyeusi. Chupa niliyokinga nusu saa baadaye haikugeuka. Fundi, hongera.

Nilijaribu pia chombo chenye kikoki chumbani kwangu. Wiki ya kwanza chupa yake ilibaki angavu. Wiki ya pili iligeuka, nami nikamkuta mwanangu amefungua kifuniko na kuzamisha kikombe, kwa sababu kikoki kinatiririka polepole na wenzake walikuwa wakimsubiri mchezoni.

#26 Fundi_Mkongwe
Nilisema. Maji ya dakika za kwanza yawe ya kufagilia uani, yasiingie ndooni.

#27 Mpangaji_wa_Kona
Rahisi kusema. Mgao ukiwa wa saa mbili na foleni ina madumu hamsini, ni nani atakayekubali kuwa wa kwanza ili amwage lake?

#28 Shimo_Refu
Mleta mada, umebakiwa na chupa ngapi? Moja ipeleke kwenye mtaro unaopita mbele ya lango.

#29 Mchota_Alfajiri
Zimebaki mbili. Ya mtaro siihitaji, jibu lake ninalijua. Ninataka kumnawisha mwanangu mikono mara akitoka kucheza hapo, nipime maji hayo ya kunawa, kisha nimpime tena baada ya sabuni. Mvua imetabiriwa Jumamosi.